Kabla Gari Halijaondoka: Ushauri kwa Wanaakiolojia wa Miradi

Kazi nyingi za akiolojia nchini Tanzania siku hizi hazianzii chuoni wala makumbusho. Zinaanzia kwenye ofisi ya mtu anayetaka kujenga: bomba, mgodi, bwawa, barabara, njia ya umeme. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira kabla tingatinga halijawashwa, na ndani ya tathmini hiyo huingia suala la malikale. Hapo ndipo anapotafutwa mtu wa kutembea mkuza wa mradi kuanzia mwanzo hadi mwisho, macho chini, akitafuta vigae, zana za mawe, mavi ya chuma, makaburi na mahali pa matambiko. Mkuza wa Bomba la Mafuta Ghafi la Afrika Mashariki peke yake una kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, na kilomita 1,147 kati ya hizo ziko upande wa Tanzania. Njia ndefu namna hiyo haipiti pasipo kukanyaga ya kale.

Mtu anayetafutwa ni wewe uliyemaliza shahada juzi. Mwiko uko kwenye begi, simu imeita, umeambiwa gari linaondoka kesho alfajiri. Umefurahi, na una haki ya kufurahi. Ila kati ya simu hiyo na alfajiri una saa chache ambazo ndizo zenye nguvu kuliko zote utakazokuwa nazo katika kazi hiyo. Ukishapanda gari na kufika porini, maji ya kunywa ni ya mradi, usafiri wa kurudi ni wa mradi, na mwenye kukulipa yuko mbali. Hutajadiliana tena na mtu yeyote mpaka siku ripoti itakapohitajika.

Kwanza elewa kwa nini malipo ni madogo, maana wengi wanadhani ni roho mbaya ya bosi fulani. Mfumo huu wa mjenzi kugharimia akiolojia ulikomaa Ulaya. Uingereza iliuweka kwenye mwongozo wake wa mipango miji mwaka 1990, na mkataba wa Ulaya uliotiwa saini Valletta, Malta, mwaka 1992 ukausambaza. Wazo lenyewe ni la haki: anayeharibu ndiye alipe. Lakini hebu angalia mjenzi ananunua nini. Hanunui elimu juu ya watu wa Zama za Chuma. Ananunua ruhusa ya kuendelea kujenga. Ruhusa iliyopatikana kwa milioni kumi na iliyopatikana kwa milioni hamsini ni ruhusa ile ile, kwa hiyo kampuni zinaposhindana kwa zabuni, kinachokatwa kwanza ni watu na siku. Waingereza wenyewe hawajaumaliza ugonjwa huo. Wana chama cha kitaaluma kinachotangaza viwango vya chini vya mishahara, wana tawi la wanaakiolojia ndani ya chama cha wafanyakazi cha Prospect, na bado malalamiko ya mishahara midogo na mikataba ya miezi michache ni wimbo wao wa kila mwaka.

Kwetu mnyororo ni mrefu zaidi. Mwenye mradi anaipa kazi kampuni ya ushauri wa mazingira. Kampuni inamtafuta mtaalamu kiongozi wa malikale, ambaye mara nyingi ni mhadhiri. Mhadhiri anawapigia simu wanafunzi wake wa zamani. Nyie mkifika kijijini mnachukua vibarua. Muda wa mwisho wa kazi hushuka mnyororo huo kwa siku moja. Pesa hushuka kwa miezi, na kila mkono inapopita hupungua. Mhadhiri anayekwambia "bado hatujalipwa" huenda anasema kweli kabisa. Kosa lake ni kukuacha ubebe hasara ya kuchelewa huko wakati yeye ana mshahara wa chuo na wewe huna.

Sasa tufanye hesabu. Tuseme umeahidiwa shilingi 80,000 kwa siku, kwa siku 12 za uwandani. Kichwani unaona 960,000 na tayari umeshazipangia matumizi. Hesabu siku zenyewe. Eneo liko Tunduru na wewe uko Dar es Salaam: siku 2 za kwenda na 2 za kurudi. Vigae vinahitaji kuoshwa, kuanikwa, kuandikwa namba kwa wino na kupimwa kimoja kimoja: siku 3. Kuchora upya tabaka za mashimo, kupanga picha, kusafisha takwimu za GPS na kuandika sehemu yako ya ripoti: siku 5. Rasimu inarudi na maoni, unakaa nayo tena siku 2. Jumla ni siku 26. Gawanya 960,000 kwa 26, unapata kama 36,900 kwa siku. Na kama chakula na gesti vilikuwa juu yako, tuseme 25,000 kwa siku 16 za safari na uwandani, zimekwenda 400,000 nyingine. Kilichobaki ni 560,000, yaani takriban 21,500 kwa siku, kwa mtu mwenye shahada, akiwa ameinama juani.

Kwa hiyo swali la kwanza unalopaswa kuuliza si "mnalipa shilingi ngapi kwa siku?" Uliza: siku zipi zinahesabiwa? Za safari zimo? Za kuosha na kuchambua zimo? Za kuandika zimo? Mvua ikinyesha siku tatu tukakaa gesti, zimo? Watu wengi hupigania kuongezewa 10,000 kwenye kiwango cha siku na kuacha siku 14 zipotee bure. Ukikubaliwa 60,000 kwa siku zote 26 umepata 1,560,000, na mwajiri wako anajiona amekupunguzia.

Swali la pili ni la posho. Posho ya kujikimu ni pesa ya kulala na kula ukiwa nje ya kituo chako, si ujira. Ila katika kazi hizi vitu hivyo viwili huchanganywa kwa makusudi, mtu anaambiwa "posho laki moja kwa siku" na hakuna kingine. Akila vizuri anakula mshahara wake; akitaka kurudi na kitu analala chumba kisicho na chandarua na kushinda na mihogo ya kuchoma. Timu nzima ya namna hiyo hudhoofika kufikia wiki ya pili, na udhaifu huo huonekana kwenye kazi: mashimo yanachimbwa haraka, udongo hauchekechwi wote, vigae vidogo vinatupwa. Omba vitenganishwe, hata kama jumla itabaki ile ile. Siku ukitaka kudai, ujira una sheria yake.

Hapa ndipo wengi wanapokwama, kwa sababu anayewaajiri ni mwalimu wao. Aliyesimamia tasnifu yako, aliyekuandikia barua ya mapendekezo, ambaye pengine kesho atakuwa kwenye jopo la usaili wako. Utamwombaje mkataba mtu wa namna hiyo bila kuonekana umekosa adabu? Nimeona vijana wakinyamaza miaka kwa sababu ya swali hili. Jibu ni kwamba adabu na maandishi havigombani. Tuma ujumbe kama huu, jioni ile ile simu ilipoingia:

"Shikamoo Dokta. Nashukuru sana kwa kunikumbuka kwenye kazi ya Tunduru, nipo tayari. Ili nijipange vizuri naomba unisaidie kwa ujumbe mfupi: siku za uwandani na siku za ripoti ni ngapi, malipo kwa siku ni kiasi gani mbali na posho ya kujikimu, yatalipwa lini na nani, na kama tumekatiwa bima. Nikipata nitathibitisha leo leo. Asante sana Dokta."

Neno mkataba halimo, wala tishio. Lakini Dokta akijibu, mmeandikiana. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inautambua ujumbe wa namna hiyo kama maandishi. Na asipojibu ila akakupigia, msikilize kwa heshima zote, kisha ukikata simu andika: "Asante Dokta kwa maelezo. Nimeelewa kwamba ni siku 12 za uwandani na 8 za ripoti, 70,000 kwa siku, posho na usafiri juu ya mradi, nusu ikilipwa kabla ya safari. Kama nimekosea unisahihishe." Halafu hifadhi mazungumzo hayo mahali pengine mbali na simu, kwa sababu simu huanguka mtoni.

Mhadhiri mwenye nia njema hakasiriki. Wengi hufurahi, kwa kuwa na wao wanahitaji karatasi za kuonyesha kampuni. Anayekasirika kwa kuulizwa siku ya malipo amekupa habari muhimu kabla hujatoka nyumbani.

Kwenye ratiba ya malipo kuna mtego mmoja wa kuuepuka kwa nguvu zako zote: maneno "baada ya ripoti kupitishwa". Ripoti inapitishwa na watu usiowajua, kwa kasi usiyoweza kuisukuma. Inaweza kukwama kwa sababu ya sehemu ya wadudu au ya maji ambayo haikuhusu hata kidogo. Funga malipo kwenye jambo unalolifanya wewe: sehemu kabla ya safari, sehemu siku ya mwisho uwandani, sehemu siku unapokabidhi rasimu. Ukikabidhi, kabidhi kwa barua pepe yenye tarehe. Na kabla ya kutuma faili za mwisho, yaani ramani, picha zote, jedwali la vigae, kumbusha kilichobaki. Hapo ndipo nguvu yako inaporudi kwa mara ya pili, kwani hakuna ripoti ya malikale isiyo na takwimu za aliyetembea.

Sheria inasemaje? Nazungumzia Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria yake ya ajira. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mwajiriwa maelezo ya kazi kwa maandishi anapoanza, ikiwa anamfanyia kazi siku 6 au zaidi kwa mwezi. Asipompa na mgogoro ukazuka, ni juu ya mwajiri kuthibitisha au kukanusha sharti linalobishaniwa. Saa za kawaida haziruhusiwi kuzidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki. Zikizidi ni saa za ziada, na hulipwa mara moja na nusu. Siku ya mapumziko ya wiki ukikubali kuifanyia kazi, hulipwa mara mbili. Fikiria sasa kambi ambako timu huamka saa 11 alfajiri, hushuka garini saa 12 jioni, kisha hukaa hadi saa 4 usiku ikijaza fomu za mashimo kwa taa ya jenereta, siku saba kwa wiki. Hakuna anayehesabu.

Mara nyingi utaambiwa: "Wewe si mwajiriwa, ni mshauri." Ukishaitwa mshauri, asilimia 5 ya malipo inazuiwa kama kodi, hakuna michango ya NSSF, hakuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Kuna washauri wa kweli, wenye kampuni, vifaa vyao na wateja watatu kwa mpigo. Lakini kijana aliyebebwa kwa gari la mradi, akapewa mwiko, chekeche na ratiba, akaamrishwa asubuhi achimbe wapi, huyo ni mshauri wa jina. Sheria ya Taasisi za Kazi, nayo ya mwaka 2004, kifungu cha 61, inataja vigezo vya kumdhania mtu kuwa mwajiriwa: kazi yake na saa zake kuongozwa na mwingine, kupewa vifaa na mwingine, kumtegemea mtu mmoja kiuchumi, kumfanyia mtu mmoja wastani wa saa 45 kwa mwezi kwa miezi mitatu, na vingine. Kimoja tu kikitimia, dhana ni kwamba wewe ni mwajiriwa mpaka mwenzako athibitishe vinginevyo. Kifungu hiki kinajulikana na wachache mno miongoni mwa watu kinaowahusu.

Wasomaji wa Kenya wana mlango wao. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 37, inasema kibarua wa siku kwa siku akifanya kazi siku mfululizo zinazofikia mwezi, au akipewa kazi ambayo kwa hali ya kawaida haiwezi kwisha ndani ya miezi mitatu, huhesabiwa kuwa ameajiriwa kwa mwezi, pamoja na haki zinazoandamana na hilo.

Kuna silaha nyingine, na hii ni ya miradi inayokopeshwa na taasisi kubwa za nje. Shirika la Fedha la Kimataifa, IFC, lina Viwango vya Utendaji vilivyoanza kutumika mwaka 2006 na kupitiwa upya mwaka 2012. Benki ya Dunia ilianza kutumia vya kwake mwaka 2018. Katika orodha zote mbili, namba 8 ni urithi wa utamaduni. Ndiyo namba inayowapeleka wanaakiolojia porini. Ndiyo inayotaka pawe na utaratibu wa kufuata pale kitu cha kale kinapofukuliwa ghafla. Wanaakiolojia wanaijua kwa moyo. Lakini rudi nyuma kidogo katika orodha zile zile: namba 2 ni kazi na mazingira ya kazi. Inagusa masharti ya ajira yanayoeleweka, saa, malazi yanapotolewa, usalama, na utaratibu wa kupeleka malalamiko bila kuadhibiwa. Na haiishii kwa walioajiriwa na mwenye mradi moja kwa moja. Inawafikia pia walioletwa na mkandarasi. Kwa maneno mengine, mradi unaokulipa ili utimize namba 8 umeahidi mbele ya wakopeshaji wake kukutimizia namba 2. Uliza kwa upole ofisi ya malalamiko ya wafanyakazi iko wapi na fomu yake ikoje. Miradi mingi inayo. Mara nyingi kibao chake kiko getini, kimeandikwa namba ya simu, na wanaoitumia ni madereva na wapishi. Mwanaakiolojia hujiona yeye ni mgeni wa mradi, kumbe kwenye karatasi ni mfanyakazi kama wao.

Usalama nauweka hapa katikati, si mwishoni, kwa sababu shimo halina shahada. Mita moja ya ujazo ya udongo ina uzito wa tani moja na nusu hivi, na mchanga wa pwani hauna huruma: ukuta uliosimama wima asubuhi ukiwa na unyevu hukauka mchana na kumwagika. Shimo likifika usawa wa kifua, lipanuliwe kwa ngazi au liegemezwe kwa mbao, au usiingie. Udongo uliotolewa uwekwe mbali na ukingo, hatua moja nzima angalau. Asiwepo mtu shimoni peke yake. Haya hayahitaji bajeti ya Ulaya. Yanahitaji mtu mmoja wa kusema hapana.

Kazi ya kusimamia kijiko kinapochimba ni ya hatari kwa namna nyingine. Mwendeshaji analipwa kwa saa au kwa mita, msimamizi wake anapiga honi kutoka barabarani, na wewe unainua mkono kusimamisha mashine kwa ajili ya doa jeusi la udongo ambalo hakuna mwingine anayeliona. Simama mahali ambapo macho yako na ya mwendeshaji yanakutana, kamwe si nyuma ya kijiko wala chini ya mkono wake. Kubalianeni ishara kabla hajawasha. Msalimie kila asubuhi, ujue jina lake. Mwendeshaji anayekufahamu atazima injini mara ya kwanza ukiinua mkono. Na kama yeye kapewa kofia ngumu, viatu vya chuma na kizibao kinachong'aa na wewe uko na raba, usishuke garini. Vifaa vya kinga ni juu ya mwajiri, hilo halina mjadala chini ya Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003.

Barabara ni hatari kuliko nyoka. Dereva aliyeendesha saa kumi na nne asiendeshe usiku kwa sababu mkutano wa mradi ni asubuhi. Nyoka nao wapo: kabla ya kutoka, jueni hospitali gani ya karibu ina dawa ya sumu yao, na ni saa ngapi kwa gari. Kwenye maeneo ya wanyama, askari wa wanyamapori mwenye silaha ni sehemu ya timu na gharama yake iwe kwenye bajeti tangu mwanzo.

Wanawake huambiwa kazi ya uwandani ni ngumu kwao, kana kwamba ugumu ni wa jua. Ugumu ni gesti yenye vyumba viwili kwa watu watano, choo kisichokuwepo kwenye mkuza wa kilomita thelathini, na mkuu wa timu anayegonga mlango saa 5 usiku "kujadili ramani". Dada, uliza chumba chako kabla ya safari, kwa maandishi, pamoja na jina la mtu wa kumpigia aliye nje ya timu hiyo. Kaka na wakuu wa timu, ulizeni hayo nyie kwanza ili asilazimike yeye.

Sasa upande wa pili wa shilingi hii, ambao hauzungumzwi sana tukilalamika. Siku ya kwanza kijijini, wewe uliyenyimwa mkataba unageuka mwajiri. Mwenyekiti na mtendaji wamekuletea vijana ishirini, unahitaji wanane wa sululu, beleshi na chekeche. Utawalipa nini, na namna gani? Sheria ya ajira niliyoitaja inawahusu na wao, pamoja na kima cha chini kilichotangazwa na serikali. Kubalianeni ujira hadharani mbele ya wote, usio na tofauti ya mwanamume na mwanamke. Wapokezane kwa zamu kama wanaotaka ni wengi, ili kazi isiwe ya ukoo wa mwenyekiti. Orodha iwe na jina, tarehe, kiasi, saini au dole gumba, na kila mtu apokee mkononi mwake au kwenye simu yake mwenyewe. Nenda na chenji. Noti za elfu kumi kumi zikigawiwa kwa watu wawili wawili "mkagawane dukani" huzaa ugomvi, na aliyekosea ni wewe.

Kuwakosea wachimbaji ni desturi ya zamani katika kazi hii. Mifupa ya dinosaria, wale "mijusi wakubwa" wa Tendaguru, mkoani Lindi, ilichimbwa kati ya mwaka 1909 na 1913 na mamia ya watu wa kusini, wakiongozwa na msimamizi wao Boheti bin Amrani, na kubebwa vichwani hadi bandarini. Leo iko kwenye makumbusho Berlin, na majina ya wengi wa waliochimba na kubeba hayasomeki popote pale mgeni anapopita. Kamoya Kimeu wa Kenya, aliyeanza kama kibarua wa akina Leakey, familia ya watafiti wa chimbuko la binadamu, na mwaka 1984 akaona kipande cha kwanza cha fuvu la Kijana wa Turkana, ni mmoja wa wachache waliotajwa. Basi wewe unapoandika ripoti, weka majina ya vibarua wako. Ukurasa mmoja hauongezi gharama.

Na jina lako? Hakikisha liko kwenye ukurasa wa waandishi wa ripoti, si kwenye shukrani. Ripoti za miradi hazichapishwi ovyo, na mkataba wa mwenye mradi huweza kukuzuia kutumia takwimu zake. Uliza mapema kama unaweza kuandika makala ya kitaaluma kutokana na kazi hiyo baada ya mradi kuanza, na ujibiwe kwa maandishi. Miaka mitano ya kutembea mikuza bila jina popote ni wasifu mtupu.

Ulizia pia kibali. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyofanyiwa marekebisho mwaka 1979, hairuhusu kuchimba bila leseni. Omba nakala, soma ni ya nani, ya eneo gani, inaisha lini. Ukikutwa shimoni na leseni iliyokwisha, polisi wa wilaya hawatamtafuta Dokta aliyeko Dar es Salaam. Na uulize vigae vitahifadhiwa wapi, nani analipia masanduku. Bajeti nyingi huishia kwenye ripoti, na vigae hubaki kwenye magunia chini ya kitanda cha mtu.

Yote haya ni rahisi zaidi mkiwa wengi. Wahitimu wa vyuo vyetu wanafahamiana. Kozi ni ndogo, madarasa yanafuatana. Kundi la simu la watu thelathini wanaoambiana kwa uwazi "kazi fulani inalipa kiasi hiki, yule alichelewesha miezi sita" hubadilisha bei haraka kuliko semina yoyote. Kisheria, wafanyakazi 20 wanatosha kuanzisha chama. Kampuni inayojua kwamba kijana wa kwanza akikataa 40,000 wa pili na wa tatu nao watakataa, haitaitaja tena.

Ikifika mahali umezungushwa, andika barua ya madai yenye kiasi, tarehe na nakala za ujumbe mlioandikiana. Mpe muda mfupi wa kujibu. Asipojibu, nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, katika ofisi inayohudumia eneo la kazi ilipofanyika. Unajaza fomu namba 1, unampa mwajiri nakala. Huduma ni bure na huhitaji wakili. Kama uliachishwa isivyo halali, muda wa kufungua shauri ni siku 30, na ujue kwamba ulinzi huo hauwahusu waliokaa kazini chini ya miezi sita. Kwa madai mengine, ukiwemo ujira usiolipwa, muda ni siku 60, hata kama kazi yenyewe ilikuwa ya wiki mbili. Zinahesabiwa tangu mgogoro ulipotokea, na ukichelewa itabidi kwanza uombe ruhusa na kueleza sababu. "Subiri kidogo, wiki ijayo" ya kila Ijumaa humaliza siku hizo 60 kabla hujashtuka. Weka tarehe kwenye kalenda ya simu yako siku ile ile malipo yanapopitiliza.